Deraya za Makaratasi: Mavazi ya Vita ya Kuigiza, kutoka Pwani hadi Ntinda

Katika makala haya tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya walimu wenzetu wakaliona kuwa dogo mno kuandikiwa historia. Nalo ni utengenezaji wa mavazi ya vita ya kuigiza: chapeo, dirii, ngao na deraya zinazoundwa nyumbani kwa maboksi, magazeti ya zamani, uji wa unga, kamba za mkonge, nguo ya gome la mti na mpira wa kandambili zilizokatika. Tumeichagua Ntinda kuwa mahali pa kusimama na kutazama, kwa sababu zitakazobainika hivi punde. Na tunawaandikia walimu wa Kiswahili hasa, wala si mafundi wa maleba peke yao. Kwani nchini Uganda habari ya Kiswahili na habari ya mavazi ya vita zimefungamana tangu zamani, na kufungamana huko kumezaa hofu ambayo mwalimu huikuta darasani kabla hajaandika neno la kwanza ubaoni.

Ntinda ni mtaa ulioko kaskazini-mashariki ya Kampala, katika tarafa ya Nakawa. Pana soko, pana njia panda yenye msongamano wa teksi na bodaboda, na pana nyumba za watu wa kila hali. Walimu wa Uganda wanaujua mtaa huu kwa jambo jingine: hapo ndipo zilipo ofisi za Baraza la Taifa la Mitihani, na jirani yake, Kyambogo, pana chuo kikuu pamoja na kituo cha taifa cha kukuza mitaala. Lakini ukiifuata barabara ya kuelekea Kisaasi utakuta kituo cha utamaduni cha Ndere, makao ya kikundi cha ngoma kilichoasisiwa na Stephen Rwangyezi katika miaka ya 1980. Ndere ni filimbi. Katika uwanja wa kituo hicho huchezwa ngoma za pande zote za Uganda, na wachezaji huvaa manyoya, ngozi na njuga, wakashika mikuki na ngao inapodaiwa hivyo, kama katika otole ya Waacholi, ambayo ni ngoma ya vita. Basi mtaa mmoja umebeba mtihani na umebeba ngoma, na kijana anayekulia hapo huvutwa na pande zote mbili.

Siku hizi umeongezeka mvuto wa tatu. Vijana wa Kampala, kama wenzao wa Nairobi na Dar es Salaam, hutazama sinema na katuni zenye mashujaa wa kubuni, kisha hutaka kuwa na mavazi kama yao. Mchezo huu wameuita kosplei, jina lililotungwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo wazee wengi husema kwamba ni mchezo wa kigeni, na walimu wengine hukubali. Jina ni la kigeni, hilo halina ubishi. Hata hivyo, mtazame mmoja wa wanawake walinzi wa mfalme katika filamu ya Black Panther. Filamu hiyo ni ya mwaka 2018, na Florence Kasumba aliyecheza sehemu ya mlinzi huyo alizaliwa Kampala mwaka 1976. Twalitaja hilo ili tuonyeshe kwamba katika mambo ya maleba ugeni na wenyeji haviachani kwa urahisi. Lakini hoja yetu ni nzito kuliko hiyo. Watu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakijitengenezea mavazi ya vita ya mchezo, kwa vitu rahisi, kabla kijana yeyote wa Ntinda hajazaliwa.

Tuanze na maneno, maana hayo ndiyo shamba letu. Anayefungua tenzi za kale za vita, kama ule wa Tambuka ambao nakala yake ya zamani ni ya mwaka 1728, atakutana na mashujaa wenye deraya, panga na farasi, katika lugha ya watu wa visiwani ambao wengi wao hawakupata kumwona askari aliyevaa chuma mwili mzima. Mshairi aliwavika kwa maneno tu, na wasikilizaji wakawaona. Deraya na dirii ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Chapeo limetoka kwa Wareno, waliojenga Ngome ya Yesu pale Mombasa kuanzia mwaka 1593. Kwao lilikuwa kofia tu, nasi tukaliongeza ukali hata likawa kofia ya vita. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952 ilipofika katika Waraka kwa Waefeso, sura ya 6, mahali pazungumzwapo mavazi ya askari, ilihitaji dirii, chapeo na ngao, na maneno yote yalikuwa tayari yakingoja.

Ama ngao, hilo si la Mwarabu wala la Mreno. Ni neno la Kibantu la asili, na Mganda yeyote atalitambua, kwa kuwa kwake ni engabo. Fumo, yaani mkuki, ambalo kwetu limebaki zaidi katika ushairi na katika jina la Fumo Liyongo, kwa Kiganda ni effumu. Kitara, upanga uliopinda, ni ekitala, na hapo hapo utakumbuka jina la Bunyoro-Kitara. Tumeona wanafunzi wakishangaa kupata habari hizi. Wamefundishwa na mitaa kwamba Kiswahili kililetwa na bunduki. Kumbe maneno ya silaha zilizotangulia bunduki ni ndugu wa maneno ya bibi zao.

Sasa tuingie katika michezo yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, katika miji ya pwani ya Kenya, hasa Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma iliyoitwa beni. Jina limetokana na bendi, na ngoma yenyewe ilikuwa na tarumbeta, ngoma kubwa na mwendo wa gwaride. Watu walijigawa katika vyama vilivyoshindana kwa ukali. Majina ya Marini na Arinoti yalienea kuliko mengine. Kila chama kilikuwa na vyeo: kingi, jenerali, kanali na vinginevyo, na kila mwenye cheo alipaswa kuonekana nacho mwilini. Wanawake wa Mombasa nao, katika vyama vyao vya lelemama, walikuwa na vyeo na mashindano ya namna hiyo. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliwakusanya askari na wapagazi kutoka nchi nyingi, nao waliporudi makwao waliichukua beni hata ikafika bara ya Tanganyika na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mwanahistoria T. O. Ranger aliichambua ngoma hiyo katika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975, na walimu wa historia watafaidika nacho.

Wako waliosema kwamba beni ilikuwa ni kumwiga Mzungu tu, kama kasuku. Sisi hatukubali. Mtu anayejishonea koti la jenerali kwa kitambaa rahisi, akalitia vifungo vya kuokoteza na nishani za bati, amekwisha kugundua kwamba sehemu kubwa ya ujenerali ni koti. Ugunduzi huo si wa kasuku. Ndiyo maana baadhi ya maofisa wa kikoloni walizitazama ngoma hizo kwa wasiwasi, ingawa hapakuwa na silaha hata moja ya kweli.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu katika miaka ile ile ya beni kulitokea deraya nyingine iliyokuwa rahisi kuliko zote, nayo haikuwa mchezo. Mwaka 1905, kusini mwa Tanganyika iliyokuwa chini ya Wajerumani, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ambayo waliamini yangezigeuza risasi. Vita vya Maji Maji viliendelea hadi mwaka 1907, na waliokufa kwa risasi, na zaidi kwa njaa iliyofuata, walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wako wanaosema walifika laki mbili na zaidi. Uganda nayo ina habari za namna hii. Huko Nile Magharibi, Walugbara walikunywa maji ya Yakani yaliyoahidi kinga kama hiyo, na mwaka 1919 ghasia zikazuka. Na si zamani sana, kati ya miaka ya 1986 na 1987, wafuasi wa Alice Lakwena walitoka Acholi wakielekea kusini hali wamejipaka mafuta ya mti wa shea, wakiamini kwamba yangewakinga. Wengi waliangamia, na jeshi lao likavunjwa karibu na Jinja.

Hatuyataji hayo kwa dhihaka. Waliojipaka walikuwa na sababu zao, na dhuluma iliyowasukuma ilikuwa ya kweli. Twayataja kwa sababu yanatupa kipimo. Deraya ya boksi haimdanganyi anayeivaa wala anayeitazama. Wote wawili wanajua kwamba ni boksi, na wamekubaliana kuiona chuma kwa muda wa saa mbili. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alilijua jambo hili alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Katika mchezo ule maji ni maji ya jukwaani, na mtazamaji anayaona hivyo. Na kwa kuwa anayaona hivyo anapata nafasi ya kujiuliza ni nini kilichowafanya watu wayaone vinginevyo. Mwalimu atakayeuchezesha mchezo huo atagundua kwamba mavazi yake ni rahisi kupita kiasi, na kwamba urahisi huo ndio unaoumiza.

Turudi Kampala. Ngao ya Waganda ya zamani ni kazi ya kupendeza, na vielelezo vyake vimehifadhiwa katika makumbusho mbalimbali. Haikuwa ya chuma wala ya ngozi nzito. Ilikuwa ya mti mwepesi uliofunikwa kwa fito nyembamba zilizosukwa, yenye ncha juu na chini, na katikati ina kinundu cha mti kilichochongoka. Yaani ilikuwa kazi ya msusi kama ilivyokuwa kazi ya seremala. Nguo ya gome nayo, ambayo Waganda huiita olubugo, hutolewa katika mti wa mutuba: gome la ndani hubanduliwa, likapondwa kwa nyundo za mti zenye mifuo mpaka likapanuka na kulainika, na shina lililobanduliwa likafungwa kwa majani ya mgomba ili lipate kupona. Mafundi wake wa asili ni wa ukoo wa Ngonge. UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu mwaka 2005, ikaandikwa rasmi katika orodha mwaka 2008. Kwa mtengenezaji wa maleba, nguo hii ina faida moja isiyotajwa na UNESCO: ukiikaza na kuipaka gundi, macho ya mtazamaji wa safu ya tatu huiona kuwa ngozi.

Jukwaa la Kampala lilijifunza mapema kutumia vitu vya namna hiyo. Jumba la Michezo la Taifa lilifunguliwa mwaka 1959. Katikati ya miaka ya 1960, wanafunzi wa Makerere chini ya uongozi wa David Cook walianza kusafiri na michezo yao mashuleni na vijijini, bila ya kumtoza mtazamaji kiingilio, wakicheza kwa Kiingereza na kwa lugha za watu, Kiswahili kikiwa mojawapo. Anayesafiri hivyo hawezi kubeba chuma. Kisha akaja Robert Serumaga, ambaye kikundi chake kilicheza Renga Moi mwaka 1972, habari ya shujaa wa vita katika hadithi ya Kiacholi, na katika mchezo huo miili ya waigizaji na ngoma zao zilifanya kazi kubwa kuliko maneno. Serumaga baadaye alishiriki katika harakati za kumwondoa Idi Amin, akawa waziri mwaka 1979, akafariki Nairobi mwaka 1980. Mwenziwe Byron Kawadwa, aliyekuwa mkuu wa Jumba la Michezo, hakufika huko: aliuawa mwaka 1977, baada ya kikundi chake kurudi kutoka tamasha la Lagos. Hao walikuwa watu waliotengeneza mikuki ya mchezo katika mji uliojaa bunduki za kweli, na hapana deraya iliyowakinga.

Mrithi wa mambo hayo, kwa njia asiyoitazamia mtu, yuko upande wa pili wa jiji, mtaa wa Wakaliga. Huko Isaac Nabwana alianzisha kampuni yake ya filamu mwaka 2005, na filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imetazamwa na watu wengi duniani ingawa inasemwa kwamba ilitengenezwa kwa fedha zisizofika dola 200 za Kimarekani. Zana zake za vita ziliundwa kwa vyuma chakavu na mbao, na fundi Dauda Bisaso akapata sifa kwa kazi hiyo. Mtazamaji anaona wazi kwamba bunduki ile ni bomba na vipande vya bati. Anacheka, na katika nchi ambayo bunduki imewaliza watu kwa miaka mingi, kicheko hicho kina thamani yake.

Baada ya historia hiyo, mwalimu wa Ntinda anayetaka kuchezesha mchezo wa vita afanye nini? Mfano ulio karibu ni Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka kwanza mwaka 1963, kisha ikasahihishwa na kupewa jina hilo mwaka 1969. Wanafunzi wakiisikia Roma, hukimbilia kukata vipande virefu vya boksi na kuvizungusha kifuani kama walivyoona katika sinema. Tuwatulize. Deraya ile ya vipande ilienea baada ya zama za Kaizari. Askari wake wengi walivaa deraya ya vikuku vya chuma vilivyounganishwa. Tena Kaizari mwenyewe aliuawa akiwa amevaa vazi la kiraia, si la vita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mchezo yahitaji mashuka tu, na deraya hazina kazi mpaka vita vya Filipi katika matendo ya mwisho. Mwalimu atakuwa ameokoa nusu ya maboksi yake. Na mtu asione haya kuchanganya: mchoro mmoja wa mwaka 1595 hivi, unaoonyesha mchezo mwingine wa Shakespeare juu ya Warumi, unamwonyesha mmoja katika vazi la Kirumi na wengine katika mavazi ya Kiingereza ya siku zao.

Vikuku huigwa kwa kufuma. Uzi mnene wa pamba, au kamba laini ya mkonge, hufumwa kwa sindano nene mbili mpaka ukapatikana mfuko wenye tundu la kichwa, kisha ukapakwa rangi nyeusi, na juu yake rangi ya fedha kidogo. Kwa mbali ni chuma. Mwenye subira kubwa anaweza kukata bomba la plastiki la maji kuwa pete nyembamba na kuziunganisha moja moja. Usidhani kwamba hii ni njia ya maskini, kwani hivyo ndivyo zilivyotengenezwa deraya nyingi za filamu za The Lord of the Rings huko Nyuzilandi.

Chapeo huanzia jikoni. Sufuria inayolingana na kichwa hupinduliwa, ikapakwa mafuta au ikafunikwa kwa mfuko wa plastiki; kibuyu nacho chafaa sana. Unga wa ngano au wa muhogo hupikwa uwe uji mwepesi usio na madonge. Magazeti huchanwa kwa mkono, si kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa hushikana vizuri kuliko uliokatwa. Vipande hutandikwa kwa tabaka, tabaka moja likielekea huku na la pili likilikata, na kila mbili zikikauka ndipo huongezwa nyingine. Tabaka 6 hutosha. Siri ya kazi hii ni jua, nalo Kampala halina ahadi: katika mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, chapeo moja yaweza kukaa juma zima ikiwa mbichi ndani na kuota ukungu. Mwenye busara hupanga michezo yake Januari au Julai.

Dirii huanzia kwenye gazeti. Mtoto hufungiwa karatasi kifuani, ikachorwa na kukatwa mpaka ikae vyema. Hiyo ndiyo ruwaza, nayo ihifadhiwe. Boksi hukatwa kwa kuifuata, na hapo fundi mchanga hujifunza kwamba boksi lina mistari ndani yake: hukunjika kwa hiari likielekezwa kwenye mistari, na hukunjamana vibaya likilazimishwa kuikata. Apendaye deraya ya magamba akate vipande vidogo vyenye ncha ya mviringo, avitoboe, avifunge kwa kamba, kila safu ikiifunika ya chini yake kidogo. Mfano wake si lazima autafute Ulaya. Kakakuona anayo, na kwa Waganda mnyama huyo, lugave, ni mwiko wa ukoo mzima wenye jina hilo.

Mpira mwepesi wa kandambili, na ule wa mikeka ya watoto ya kuchezea, ndio unaopendwa na vijana wa kosplei kote duniani. Hukatwa kwa kisu kikali, hupashwa joto kwa pasi iliyotenganishwa nao kwa karatasi, ukalainika. Kisha hukandamizwa juu ya goti au sufuria na kushikwa hapo mpaka upoe, nao hubaki na umbo hilo. Hupakwa gundi ya seremala iliyozimuliwa, mara 2 au 3, ili usinyonye rangi. Rangi ya kwanza ni nyeusi. Ya fedha hufuata kwa brashi iliyokaribia kukauka, ikipita juu juu, ili mabonde yabaki meusi na matuta yang'ae. Wengi hukosea kwa kupaka fedha nyingi, na shujaa akatoka kama birika jipya. Gundi ya viatu ina nguvu kuliko zote, lakini mvuke wake hulevya na hushika moto. Itumiwe nje, mbali na jiko la mkaa, na mtu mzima awepo. Bati tunalikataa kabisa kwa watoto. Mafundi wa Katwe waachiwe bati lao.

Ngao ndiyo tungependa isiigwe Roma. Mbao nyembamba au maboksi matatu yaliyogandishwa pamoja, yakatwe kwa umbo la ngao ya Kiganda, yafunikwe kwa nyuzi za ganda la mgomba zilizokaushwa na kusukwa, na kinundu kitengenezwe kwa kifuu au kwa karatasi na uji. Tumeiona ngao kama hiyo mikononi mwa Bruto, na hakuna mtazamaji aliyeuliza imefikaje Filipi.

Lipo jambo la sheria ambalo mwalimu hana budi kulijua. Sheria ya jeshi la Uganda ya mwaka 2005 inamkataza raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na mwezi wa Septemba 2019 hata bereti nyekundu ilitangazwa rasmi kuwa vazi la kijeshi. Asithubutu kumvika mwanafunzi sare ya askari wa leo, hata kwa mchezo. Wale wa beni, lau wangelikuwa hai, wasingeweza kucheza beni yao Ntinda. Lakini deraya ya Mrumi, ya shujaa wa tenzi, au ya mlinzi wa nchi isiyokuwepo, haina jeshi linaloidai. Kwa hiyo ubunifu hapa ndiyo ruhusa yenyewe.

Na hapo ndipo tunapoifikia ile hofu tuliyoitaja mwanzoni. Kiswahili kilifika Buganda pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani katika miaka ya 1840. Lakini baadaye kikawa lugha ya kambi za askari wa kikoloni. Serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo kutoka mkono huo halikukipatia marafiki. Tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliutwaa mji wa Kampala, na Kiswahili kikasikika tena barabarani, safari hii kwa sauti ya wakombozi, ingawa bado kilitoka katika vinywa vya wenye bunduki. Mzazi aliyekisikia mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, akiamriwa kushuka garini, hawezi kulaumiwa akisita mwanawe anapokileta nyumbani kama somo. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulikifanya cha lazima katika madarasa mawili ya kwanza. Na mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maazimio ni mema, lakini hayaingii sebuleni kwa mzazi huyo. Chapeo la magazeti huingia. Tumemsikia mzee mmoja akimwuliza mjukuu wake, kwa Kiganda, hilo dude ni nini. Mtoto akajibu kwa Kiswahili, na mzee akalirudia neno lile huku akiligonga dude kwa kidole.

Kwa wenzetu watakaojaribu, tunashauri kwamba ndani ya kila kipande, mahali pasipoonekana, mwanafunzi aandike kwa wino jina la kipande hicho kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao. Ngao ataiandikia engabo, kitara ekitala. Akifika kwenye chapeo aende akaulize nyumbani, naye atarudi na neno sseppeewo, ambalo waumini wa Kiganda hulisoma katika Waefeso yao. Hapo mwalimu amwonyeshe ramani, tangu Lisbon, kuzunguka Rasi, hadi Mombasa, na kutoka Mombasa kupanda bara hadi kwenye ziwa. Vipande vihifadhiwe juu ya kabati, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, kwani mende na panya wanaupenda sana uji wa muhogo.